Risasi na Karatasi Yake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la Halmashauri.)



Halmashauri ilinitaka niseme habari ya sheria ya askari polisi kutumia silaha ya kuua. Baadhi ya wenzetu waliposikia waliniuliza, Je, sisi makarani tuna shughuli gani na bunduki? Zana zetu ni kalamu, mhuri na jalada. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu, lakini nawaomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa kwanza yatupasa kujua sheria yenyewe yasemaje. Nimesikia barazani jioni watu wazima, wenye elimu, wakisema maneno mawili yasiyopatana. Mmoja asema askari ana ruhusa ya kumpiga risasi mwizi yeyote anayekimbia. Mwingine asema askari hana ruhusa ya kumpiga mtu risasi hata mara moja, ila mkubwa wake amwamuru. Wote wawili wamekosa. Tena huyu wa pili amekosa mara mbili, kama tutakavyoona.

Sikuja kumlaumu askari wala kumtetea. Yeye ni mtumishi wa Serikali kama sisi. Hungoja mwisho wa mwezi kama sisi, na barua ya kumwonya huwekwa katika jalada lake kama iwekwavyo katika yetu. Tofauti yetu naye ni kwamba karani akikosa hesabu, hupiga mstari mwekundu akaandika upya.

Basi tuanze na asili ya jambo. Sheria ya kale ya Waingereza, ile iliyojengwa na majaji karne baada ya karne bila ya kutungwa na Bunge, ilimruhusu anayemkamata mtu mwenye kosa kubwa la jinai kumwua mtu huyo akikimbia, ikiwa hapana njia nyingine ya kumzuia. Kwetu leo neno hili laonekana kali, lakini zamani lilikuwa na sababu zake. Siku hizo karibu kila kosa kubwa adhabu yake ilikuwa kifo. Kwa hiyo aliyeuawa akikimbia alipata mapema yale ambayo angeyapata kwa mnyongaji. Tena silaha za wakati ule zilikuwa rungu, upanga na nguvu za mikono. Mkamataji hakuweza kumwua mtu aliye mbali naye kwa kukunja kidole. Baadaye mambo yote mawili yakageuka. Adhabu ya kifo iliondolewa katika makosa mengi, na polisi wa nchi nyingi wakapewa bunduki na bastola. Lakini ile ruhusa ya kale haikuguswa, ikasafiri kwa merikebu pamoja na vitabu vya sheria hata ikafika Marekani, na sehemu yake ikafika Afrika ya Mashariki pia.

Huko Marekani ndiko ilikopimwa waziwazi, katika shauri liitwalo Tennessee v. Garner, nami nitalieleza kwa urefu kwa kuwa sijaona shauri jingine lionyeshalo jambo hili kwa uwazi kama hilo.

Usiku wa tarehe 3 Oktoba 1974, yapata saa tano kasorobo, askari wawili wa mji wa Memphis waliitwa kwenye nyumba iliyosemekana kuwa imevunjwa. Mmoja alizunguka nyuma ya nyumba, akasikia mlango ukigongwa, akaona mtu akikimbia uani. Yule mtu akafika kwenye ua wa waya wenye urefu wa futi 6, akasimama hapo. Askari akamulika kwa tochi, akaona uso wake na mikono yake. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba hakuona silaha, na kwamba alikuwa karibu kuwa na hakika kuwa mtu yule hana silaha. Akapaza sauti, Polisi, simama! Yule akaanza kuparamia ua. Askari akaona kwamba akivuka tu hatamkamata tena, akafyatua. Risasi ikaingia kisogoni. Alikuwa mtoto wa miaka 15, mwanafunzi, mwenye mwili mdogo. Nao walipompekua wakakuta dola 10 na mkoba vilivyotoka katika nyumba ile.

Sheria ya jimbo la Tennessee wakati huo ilisema kwamba mtu akikwisha kuambiwa kuwa anakamatwa, kisha akakimbia au akapigana, askari aweza kutumia kila njia iliyo ya lazima ili amkamate. Basi askari yule alifanya kama alivyofundishwa. Baraza la polisi lilitazama jambo lake likamwacha, na wazee wa korti nao wakamwacha. Lakini baba wa mtoto hakuacha. Alifungua daawa, ikapanda na kushuka katika mahakama kwa miaka, hata tarehe 27 Machi 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu, majaji 6 upande mmoja na 3 upande wa pili.

Jaji Byron White ndiye aliyeandika hukumu ya walio wengi. Alisema kwamba kumwua mtu ni namna ya kumkamata, tena ndiyo kubwa kupita zote, na Katiba yao yataka kila kukamata kuwe kwa kiasi cha haki. Hakukubali kwamba ni afadhali washukiwa wote wa makosa makubwa wafe kuliko kutoroka. Ikiwa anayekimbia si hatari kwa askari wala kwa watu wengine, basi madhara ya kumkosa hayalingani na madhara ya kumwua. Lakini ikiwa askari ana sababu nzuri ya kuamini kwamba mtu huyo ataua au atajeruhi vibaya, hapo aweza kupiga, na yampasa kuonya kwanza ikiwezekana. Jaji aliongeza kwamba idara nyingi za polisi zilikuwa zimekwisha kujikataza zenyewe kuwapiga risasi wakimbizi wa namna hiyo, wala kazi yao haikuharibika.

Yafaa pia tuwasikilize wale 3 waliokataa, maana hawakuwa wajinga. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwa niaba yao kwamba kuvunja nyumba usiku si jambo dogo. Watu hulala humo, na mara nyingine wizi hugeuka kuwa kuumiza na kuua. Alisema kwamba askari huamua katika nukta moja, gizani, naye jaji huamua baada ya miaka akiwa mezani pake. Maneno haya yana uzito, na miaka 4 baadaye, mwaka 1989, Mahakama hiyohiyo katika shauri la Graham v. Connor ilisema kwamba tendo la askari litazamwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwepo pale pale, si kwa macho ya mtu aliyekwisha kujua mwisho wa habari. Mimi kwa rai yangu naona walio wengi walisema kweli mwaka 1985, kwa kuwa askari yule wa Memphis hakuwa gizani kuhusu lile jambo lililo kubwa: alimulika, akaona mikono mitupu. Lakini naona pia kwamba tukimtaka askari aamue vema katika nukta moja, yatupasa kumfundisha kwa miezi mingi kabla ya nukta hiyo, na shabaha peke yake haitoshi kuwa mafundisho.

Sasa turudi Kenya, ambako sheria imeandikwa wazi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Katiba ya zamani, katika kifungu cha 71, ilikuwa inalinda uhai, kisha ikataja mambo ambayo kwayo mtu akiuawa kwa nguvu ya kiasi cha haki haihesabiwi kuwa amevunjiwa haki hiyo. Mambo hayo yalikuwa kuwatetea watu na kulinda mali, kumkamata mtu kwa sheria au kumzuia asitoroke, kutuliza fujo, na kuzuia kosa la jinai. Waona jinsi mlango ulivyokuwa mpana. Kadhalika Sheria ya Polisi ya zamani, Sura ya 84, kifungu cha 28, ilimruhusu askari kutumia bunduki juu ya mtu aliyeshtakiwa au kuhukumiwa kwa kosa kubwa akitoroka mikononi mwa dola, na juu ya wale wanaomwokoa kwa nguvu. Ilikuwa na sharti la kuonya kwanza, na la kuona kwamba hapana njia nyingine.

Katiba ya mwaka 2010 haikuirudia ile orodha. Kifungu cha 26 chasema kila mtu ana haki ya kuishi, wala mtu hataondolewa uhai kwa makusudi ila kwa kadiri Katiba yenyewe au sheria nyingine iliyoandikwa inavyoruhusu. Basi ni ipi hiyo sheria iliyoandikwa? Ni Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Kifungu chake cha 61 chaanza kwa kumtaka askari afanye kazi yake bila ya kutumia nguvu; kisha chasema kwamba akitumia nguvu au silaha, afuate kanuni za Jedwali la Sita. Jedwali hili ni fupi. Mtu aweza kulisoma lote akingoja chai ipoe, nami nashangaa kwamba maofisini mwetu twabandika kalenda na matangazo ya maziko, lakini hili sijaliona limebandikwa.

Lasema kwamba njia zisizo za nguvu zijaribiwe kwanza. Nguvu ikitumika iwe sawa na kosa na sawa na ukinzani wa mtu. Akiumia mtu apewe matibabu mara moja, na jamaa zake wapashwe habari. Kwa silaha za moto kanuni ni kali zaidi: hazitumiki ila njia zilizo nyepesi zikishindwa, tena kwa kuokoa maisha ya askari au ya mtu mwingine, au kwa kujitetea na kumtetea mwingine katika hatari iliyo karibu ya kuuawa au kujeruhiwa vibaya. Kabla ya kufyatua yampasa askari ajitambulishe kuwa ni polisi na aonye waziwazi, ampe mtu nafasi ya kutii, ila ikiwa kuonya kutaleta hatari ya kifo au kwaonekana hakuna maana kabisa. Na afanye juhudi zote asitumie silaha hiyo, hasa juu ya watoto.

Na hapa ndipo yule bwana wa barazani anapokosa mara ya pili. Jedwali lasema wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa si udhuru kwa nguvu iliyotumika kinyume cha sheria. Konstebo aliyeambiwa, Piga, yampasa aulize moyoni mwake kama sheria yaruhusu. Ni jambo gumu kwa mtu wa cheo cha chini, kama tujuavyo sisi tulioletewa karatasi na wakubwa na kuambiwa, Tia sahihi hapa. Hata hivyo ndiyo sheria.

Mwaka 2014 Bunge lilirekebisha Jedwali hili, likaongeza sababu tatu za kutumia silaha za moto: kulinda maisha na mali kwa nguvu yenye haki; kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke kizuizini; na kumzuia anayemwokoa mtu wa namna hiyo. Walioisoma Sura ya 84 waliwatambua wageni hawa mara moja, maana walikuwa wenyeji wa zamani waliorudi kwa mlango wa nyuma. Neno la mali lanitia mashaka. Na neno la kosa kubwa linanitia mashaka zaidi, kwa kuwa chini ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya kosa kubwa ni lile ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3 au zaidi, na wizi wa kawaida, tuseme wa baiskeli, umo ndani ya kipimo hicho. Je, mtu aliyeshtakiwa kwa baiskeli akiruka dirisha la kituo, apigwe risasi ya mgongo? Nasema hapana, na sisemi hivyo kwa huruma tu, kwa maana maneno ya mwanzo ya kanuni ile hayakufutwa: njia nyepesi zishindwe kwanza, na nguvu ilingane na kosa. Katiba nayo i juu ya Jedwali. Lakini konstebo aliyesoma mstari mmoja tu wa kanuni aweza kudhani ameruhusiwa, na mtu yule wa baiskeli hatakuwepo kusikiliza rufani.

Habari ya makundi ya watu barabarani sitaiingia sana, kwa kuwa ni somo la siku nyingine. Nasema tu kwamba risasi ipigwayo kwenye umati haichagui. Mwezi wa Februari 2018 mjini Dar es Salaam, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa abiria ndani ya daladala alipigwa risasi akafa. Hakuwa na habari na mkutano wala na maandamano. Na tarehe 25 Juni 2024 mjini Nairobi watu walipigwa risasi karibu na Bunge, katika maandamano ya vijana juu ya Muswada wa Fedha. Mwenye kutaka kupima matukio hayo aanze na maswali yale yale ya Jedwali: nani alikuwa katika hatari ya kuuawa, katika nukta hiyo, na kutoka kwa nani?

Sasa nalijibu lile swali la kwanza, la kalamu na bunduki.

Sheria hii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya kabla ya kufyatua, nayo i mikononi mwa askari. Nusu ya pili ni ya baada ya kufyatua, nayo imejaa karatasi. Jedwali la Sita laamuru kwamba kila silaha ya moto ikitumika, hata kama hakuna aliyeumia, mkubwa aarifiwe mara moja. Ikiwa mtu amekufa au ameumia vibaya, mkubwa wa kituo amepaswa kuiarifu mara moja Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo ndiyo itakayochunguza, kisha ipeleke jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mahali pa tukio palindwe. Kutoarifu ni kosa la nidhamu. Mbali na hayo, Kanuni ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, kifungu cha 386, yamtaka mkubwa wa kituo apatapo habari ya mtu aliyeuawa amjulishe hakimu aliye karibu, aende mahali pale, na aandike taarifa ya sababu ya kifo ionekanavyo, ikieleza majeraha, mifupa iliyovunjika na michubuko, na kwa silaha gani majeraha hayo yaonekana kufanywa.

Hebu hesabuni mikono inayopita. Daftari la Matukio huandikwa na askari wa zamu. Daftari la silaha laonyesha nani alitoka na bunduki ya namba gani, kwa risasi ngapi, na alirudi na ngapi. Lakini maiti hupokewa na karani wa hospitali, daktari huandika fomu ya uchunguzi, kifo husajiliwa na karani wa msajili, jalada hupokewa katika masjala ya korti, na tarehe ya kusikilizwa huandikwa na mmoja wa watu waliokaa katika chumba hiki. Jalada likilala chini ya mengine kwa miaka 3, mashahidi huhama, wengine hufa, wengine huchoka.

Tena kuna maneno yenyewe. Nimekaa na majalada muda mrefu wa kutosha kujua kwamba neno moja laweza kumzika mtu mara ya pili. Taarifa yasema, Jambazi aliuawa katika mapambano ya risasi. Ni nani aliyemhukumu kuwa jambazi? Mapambano yataka pande mbili. Bunduki ya upande wa pili i wapi, namba yake ni ngapi, maganda yake yaliokotwa na nani? Au yasemwa, Risasi ilifyatuka. Risasi haifyatuki kama yai linavyoanguliwa. Ipo mikono iliyoishika bunduki, na mikono hiyo ina jina na namba ya utumishi. Au yaandikwa, Alipata majeraha akafariki, bila ya kusema majeraha yapo wapi. Mnakumbuka habari ya Memphis: neno moja, kisogoni, ndilo lililoeleza yote. Daktari akiandika risasi iliingia wapi na ikatokea wapi, hakimu aweza kujua kama marehemu alikuwa akielekea kwa askari au akimpa mgongo. Asipoandika, hakuna awezaye kumwuliza marehemu.

Sisemi kwamba karani abadilishe taarifa aliyoletewa. Hilo ni kosa la jinai, na haki yenyewe hairuhusu. Nasema apokeapo karatasi yenye nafasi tupu pale panapotakiwa saa, namba au jina, airudishe ijazwe, na tarehe ya kuirudisha aiandike. Na yeye mwenyewe, katika rejesta na katika barua, asiandike neno jambazi kwa mtu ambaye hakuhukumiwa. Aandike marehemu.

Kwamba kazi hii si bure, tazameni shauri moja la pwani. Mwezi wa Agosti 2014, usiku, polisi waliingia katika nyumba moja Kinango, kaunti ya Kwale, wakimtafuta jamaa wa nyumba hiyo. Msichana wa miaka 14 akapigwa risasi akafa. Polisi walisema aliwashambulia kwa panga. Habari ingeweza kuishia hapo, kama nyingi zilivyoishia. Lakini ile Mamlaka Huru ilichunguza, jalada likaenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maofisa wawili kwa kuua bila kukusudia, ikawahukumu kifungo cha miaka 7 kila mmoja. Na Kisumu, baada ya mtoto mchanga wa miezi 6 kupigwa nyumbani mwao katika msako wa polisi wa Agosti 2017 akafa, hakimu alifanya uchunguzi wa kifo, na mwaka 2019 akaona kwamba lawama ni ya polisi. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaamuru maofisa washtakiwe. Hesabuni miaka: 5 tangu kifo hata amri ya kushtaki. Katika miaka hiyo yote kilichodumu ni karatasi, na wazazi waliokuwa wakiifuata.

Nina shauri moja jingine, nalo laonyesha kwamba karatasi hufanya kazi hata kabla ya risasi. Mwezi wa Machi 1988, huko Gibraltar, askari wa jeshi la Uingereza waliwaua kwa risasi watu watatu wa jeshi la siri la Ireland walioshukiwa kutaka kulipua bomu. Walipopekuliwa hawakuwa na silaha, wala gari lao halikuwa na bomu. Tarehe 27 Septemba 1995 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu katika shauri la McCann, majaji 10 kwa 9. Wale askari waliofyatua hawakupatikana na lawama, kwa kuwa waliamini kweli kwamba watu wale wataminya kitufe cha bomu. Lawama iliwapata walioipanga kazi ile, na sehemu ya lawama hiyo ni hii: yale yaliyokuwa dhana tu yalifikishwa kwa askari kana kwamba ni yakini. Yaani kosa lilitoka kwenye meza, likaenda na maelezo, likafika kwenye kidole. Mahakama hiyo ilisema pia kwamba haki ya kuishi haina nguvu ikiwa Serikali haifanyi uchunguzi wa kweli kila watumishi wake wanapoua.

Mpango wa namna hiyohiyo ulikwisha kukubaliwa na wajumbe wa Umoja wa Mataifa katika mkutano wa Havana wa mwaka 1990, walipotunga Kanuni za Msingi za Matumizi ya Nguvu na Silaha za Moto, na msomaji wa Jedwali la Sita ataona kwamba mengi yake yalitoka huko.

Najua swali litakaloulizwa, maana limekwisha kuniulizwa mlangoni: Karani mdogo akirudisha karatasi ya mkubwa wa polisi, nani atamlinda? Sitawadanganya kwamba hapana hatari. Ushauri wangu ni wa kiofisi tu. Asiirudishe kwa mdomo wala kwa jina lake mwenyewe; airudishe kwa barua ya ofisi, iliyotiwa sahihi na mkuu wa idara yake, ikitaja kifungu cha sheria kinachotaka nafasi ile ijazwe. Nakala aiweke katika jalada. Mkuu wa idara akikataa kutia sahihi, aandike katika karatasi ya maelezo ya jalada kwamba alimpelekea, tarehe fulani. Hapo hakumshtaki mtu. Amefanya kazi ya karani. Na ikiwa ataonewa kwa hilo, basi hiyo ndiyo kazi ya Chama, nami naiomba Halmashauri ilizungumze jambo hili katika kikao chake kijacho, ili mwanachama ajue mapema ni nani wa kumwendea.

Nimemwachia Bwana Katibu nakala ya Jedwali la Sita pamoja na kifungu cha 386, zote zimepigwa taipu. Kwa sasa zipo nakala 12 tu; wanachama wa korti na wa hospitali wapewe kwanza, na matawi ya nje yatapelekewa stensili itakapopatikana wino.